Kutoka Nakuru hadi Kanyaboli: Kuwafuata Samaki Waliosalimika

Safari hii niliianzia Nakuru ingawa nia yangu ilikuwa samaki wa Ziwa Viktoria. Nilitaka kwanza kumwona kifaru, kwa sababu ndiye mnyama anayeonyesha waziwazi jambo lililonitoa nyumbani: silaha ya mnyama huchongwa na adui ambaye ukoo wake umeishi naye kwa vizazi vingi, na adui akibadilika kwa ghafla, silaha ile ile inaweza kuwa chanzo cha kuangamia kwake.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, vifaru weupe walikuwa wakila nyasi bila haraka, na kando yao kundi la swala pala lilikuwa likilisha kwa tahadhari, hawa wakiinamisha vichwa na wale wakiviinua. Swala hutegemea macho mengi na miguu myepesi. Mmoja akikoroma kwa hofu, wote hutawanyika kwa kuruka huku na huku, na simba hupata taabu ya kuamua amfuate yupi. Kifaru ana njia nyingine. Macho yake ni hafifu, lakini masikio na pua humpasha habari, na mwili mkubwa pamoja na pembe humwezesha kusimama mahali pake au kumvamia anayemkaribia. Kwa kifaru mzima, ulinzi huo unatosha mbele ya simba. Mbele ya mtu mwenye bunduki haumfai kitu, na pembe yenyewe ndiyo inayomleta mwuaji. Wala hakuna matumaini kwamba mageuko yatampa kinga nyingine kwa wakati, kwa kuwa jike huzaa ndama mmoja tu kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ndiyo maana vifaru wa Nakuru huishi ndani ya ua wa umeme, chini ya ulinzi wa askari wa wanyamapori.

Kutoka hapo nilipanda matatu kupitia Mau Summit na Kericho, tukateremka kutoka kwenye mashamba ya majani chai hadi joto la uwanda wa Ahero, na kufikia jioni nilikuwa Kisumu.

Asubuhi nilikwenda ufuo wa Dunga. Omena, yaani dagaa, walikuwa wameanikwa juani juu ya nyavu, na mbuta, ambao wengine huwaita sangara, waliovuliwa usiku walikuwa wakipimwa kwenye mizani. Mbuta mkubwa anaweza kukaribia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, ingawa wale niliowaona Dunga walikuwa wadogo zaidi. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena kama fulu bado wanapatikana. “Wapo, mwanangu,” akanijibu, “lakini si kama wale wa zamani za mama yangu.”

Jibu lake lilikuwa na historia nzima ndani yake. Fulu ni samaki wadogo ambao, kwa kadiri wataalamu wanavyojua, walichipuka katika ziwa hili na kugawanyika kuwa spishi 500 au zaidi kwa muda wa takriban miaka 15,000, muda mfupi mno kwa hesabu za mageuko. Walikuwapo waliokula mwani, waliovunja konokono, waliowinda wenzao, hata walioishi kwa kunyonya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa majike wengine. Katika ulimwengu huo wenye wezi wa watoto kila upande, fulu walikuwa na kinga ambayo mimi huistaajabia kuliko pembe yoyote: jike huyakusanya mayai yake kinywani, huyaangulia humo, na hata vifaranga wakishaanza kuogelea hukimbilia tena kinywani mwa mama hatari inapotokea. Kinga hiyo ina gharama yake. Kinywa hakina nafasi kubwa, hivyo jike hutaga mayai machache.

Mbuta walipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili ziwa litoe samaki wakubwa wenye faida. Hao walikuwa wawindaji wa namna ambayo fulu hawakuwahi kukutana nayo. Kinywa cha mama hakimwokoi mtoto ikiwa mama mwenyewe anamezwa. Tena jike mmoja wa mbuta hutaga mayai kwa mamilioni, wakati fulu hutaga makumi au mamia. Kufikia miaka ya 1980 mbuta walikuwa wamejaa, na spishi za fulu zinazokisiwa kufikia 200 zilitoweka au zikawa adimu kiasi cha kutoonekana. Haki inanidai niseme kwamba mbuta hawakufanya kazi hiyo peke yao: uvuvi ulizidi, na mbolea na maji taka kutoka nchi kavu vililichafua ziwa, mwani ukastawi na oksijeni ikapungua vilindini.

Omena waliishi katika maji yale yale, wakaliwa na mbuta wale wale, lakini hawakwisha. Omena hutaga mayai mengi, huyaacha majini bila ulezi, na hukomaa upesi. Katika Ghuba ya Mwanza, upande wa Tanzania, watafiti waliona kwamba baada ya mbuta kuongezeka, omena walianza kuzaa wakiwa na miili midogo kuliko awali. Mahali ambapo kuishi muda mrefu hakuna hakika, anayezaa mapema ndiye anayeacha kizazi, ingawa nyavu za wavuvi nazo zilisukuma upande huo huo. Habari ya fulu wenyewe ilinigusa zaidi. Miongoni mwa wale wachache waliorejea katika ghuba hiyo, ukilinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa kabla ya msiba, zipo spishi ambazo vichwa vimepungua, shina la mkia limepanuka na matamvua yamekua. Mkia wenye nguvu humsaidia samaki kuchomoka ghafla, na matamvua makubwa humsaidia kuvumilia maji yenye oksijeni haba. Mabadiliko hayo yalitokea ndani ya miongo miwili hivi.

Wengine walipona kwa kuwa na mahali pa kujificha, na mahali hapo ndipo nilipokuwa nikielekea. Nilipita Maseno, Luanda na Yala hadi Siaya, na kutoka huko bodaboda ikanifikisha Ziwa Kanyaboli, kando ya kinamasi cha Yala. Mbuta hawamo katika ziwa hili, na humo ngege wa asili, samaki wa jamii ya tilapia ambao katika Ziwa Viktoria wamekaribia kutoweka, bado wapo pamoja na aina za fulu. Mvuvi mzee alinipeleka kwa mtumbwi hadi kwenye ukuta wa mafunjo. Chini ya mafunjo kuna giza, majani yanaoza, na oksijeni ni kidogo mno. Mbuta huhitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo maji kama hayo humzuia, hata kwenye kingo za Ziwa Viktoria lenyewe. Samaki mdogo aliyezoea hupanda juu na kuvuta utando wa maji ulio karibu na hewa. Kamongo yeye ana mapafu, na hupumua hewa yenyewe.

“Tukikata haya yote, mzee, samaki wataenda wapi?” nilimwuliza.

“Wataenda sokoni,” akajibu, bila kucheka.

Sehemu ya kinamasi imekwisha kukaushwa kwa ajili ya mashamba, na mafunjo mengine huchomwa au hukatwa kwa mikeka na kuni. Naelewa njaa ya ardhi, lakini naona kosa kubwa kuuhesabu ukuta huu kuwa nyika isiyo na kazi. Tukirudi, mzee alinionyesha nyayo ndefu zilizopanuka kwenye tope, za nzohe, swala wa kinamasi, ambaye anapofukuzwa huingia majini na kuzama hadi pua tu ibaki juu. Kwato hizo humbeba juu ya mafunjo yanayoelea mahali ambapo mbwa angedidimia. Kwenye ardhi ngumu iliyokwisha kulimwa humfanya akimbie kwa shida, na mzee alisema kwamba huko ndiko mbwa wa kijiji humkamata.