Vijumba 14

Neema, mdogo wangu, alizaliwa kiziwi. Siku hiyo tulikuwa tunapandisha mlima wa Kadutu, hapa Bukavu, kutoka sokoni, yeye mbele na fungu la sombe, majani ya muhogo. Pikipiki ikateremka mbio, motari akipiga honi bure. Neema aligeuka ikiwa imebaki hatua moja. Haikumgusa, lakini alilegea pale pale akaanguka, midomo imekuwa ya buluu, sombe imetapakaa barabarani.

Alikuwa na miaka 9. Miaka miwili tulikuwa tumeambiwa ni kifafa. Kila jioni alimeza fenobarbitali, na shangazi alimtengea sahani na kijiko chake, eti kinaambukiza. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Hakuna aliyetuuliza mtoto alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka. Alikuwa anakimbia, au analia, au ameshtuka. Akiwa ametulia hakuanguka hata mara moja.

Daktari wa safari hii aliuliza. Aliposikia kuwa ni kiziwi tangu kuzaliwa, akaweka kalamu chini, akaagiza kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ilipotoka akaanza kuhesabu vijumba vidogo vilivyochorwa juu yake kwa ncha ya kalamu, mimi na mama tumeinama naye. Kijumba kimoja ni sekunde 0.04. Tangu umeme unapoanza kuukaza moyo hadi moyo unapokuwa tayari tena, vilikuwa 14. Vingetosha 11. Moyo unaochelewa hivyo, alisema, ukistushwa huweza kutetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu huzimia. Wengine hawaamki. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, waliandika juu ya watoto wanne wa familia moja, viziwi, wenye moyo wa namna hiyo. Watatu walikufa ghafla. Kasoro ni moja, ya sikio la ndani na ya moyo, na mtoto huirithi kwa baba na kwa mama pia.

Akaandika propranololi, dawa ya kuutuliza moyo, na nyuma ya karatasi dawa za kukwepa, zinazouchelewesha moyo zaidi. Kinini ilikuwamo.

"Dokta," mama akasema polepole, "mwezi uliopita malaria ilimshika, wakamtundikia serumu ya kinini."

Kumweleza Neema ilikuwa kazi yangu, kwa ishara zetu za nyumbani. Nikagusa kifua chake, nikatikisa kichwa. Akakimbiza vidole viwili juu ya meza, akanitazama usoni akingoja jibu. Nikavifunika kwa kiganja.