Nilivyofanikiwa Kupima Mtiririko wa Damu Mapafuni kwa MRI

Nilipokwenda Uingereza kusomea fizikia ya tiba, nilitoka nyumbani Tanga na swali moja. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye korona, mtambo wa kuchakata nyuzi za mkonge, akaugua kifua kikuu, akatibiwa akapona, lakini hata baada ya kupona aliendelea kuhema akipanda ngazi chache tu. Eksirei ilionyesha makovu, na makovu ni umbo; haikutuambia ni sehemu zipi za mapafu yake zilizokuwa bado zinafikiwa na damu. Ndiyo sababu utafiti wangu niliuelekeza kwenye kupima damu ya mapafuni kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio.

Pafu ni kiungo kigumu kwa mashine hiyo. MRI hutegemea hidrojeni iliyomo katika maji ya mwili, nalo pafu limejaa hewa. Tena mipaka isiyohesabika kati ya hewa na nyama huvuruga uga wa sumaku, hata ishara ikafifia ndani ya milisekunde mbili hivi katika mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Wapo wanaodunga dawa yenye madini ya gadoliniamu mshipani ili damu ing'ae, ila mtu mwenye figo zilizodhoofika sana huhitaji tahadhari kubwa. Mimi nilichagua njia isiyodunga chochote, ambayo damu yenyewe huwekewa alama kwa mawimbi ya redio. Hupigwa picha mbili: katika ya kwanza hugeuzwa usumaku wa kile kipande cha pafu kinachopigwa picha peke yake, hivyo damu inayoingia humo kutoka nje huwa haijaguswa, katika ya pili hugeuzwa kila kitu, pamoja na damu itakayoingia. Ukiitoa picha moja kutoka kwa nyingine, nyama iliyotulia hujifuta, na kinachobaki ni damu iliyofika katika muda huo mfupi.

Hapo ndipo nilipokwama kwa miezi. Kutoa kwenyewe hakuna maana ikiwa pafu halikukaa mahali pamoja katika picha zote mbili, na mapafu niliyoyapima hayakukaa. Juu kidogo ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, palitokea kila mara utepe mweupe uliofanana na damu nyingi, kumbe ni kiwambo kilichokuwa kimesogea. Niliwaagiza waliojitolea watoe pumzi yote kisha waizuie kwa sekunde 10 hivi, kwa kuwa pafu lililoshusha hewa huwa na nyama nyingi zaidi katika kila kipande na ishara yake huwa bora. Walijitahidi kweli, lakini vipimo vya mtu mmoja, katika kikao kimoja, vilipishana mno.

Likizoni nilimweleza mjomba, mzamiaji wa pweza pale Tongoni. Akanilaza chali juu ya jamvi, akaniwekea kifuu cha nazi tumboni, akaniambia nifanye kama ninavyowaagiza watu wangu. Kifuu kilishuka, kikatetemeka, na kila mara kikasimama mahali tofauti.

"Wewe unaisukuma pumzi, mwanangu," alisema. "Iache itoke yenyewe, kama mtu aliyetua mzigo. Itakapokoma, na wewe koma."

Nikafanya hivyo mara tano, na mara zote tano kifuu kilitua palepale bila kutikisika. Kifua kilicholegea kina kituo chake cha asili, nami nilikuwa nikiwalazimisha watu wakipite.

Niliporudi chuoni nilibadilisha maagizo. Kabla ya kuingia kwenye mashine, kila mmoja alifanya mazoezi akiwa amelala, amefungwa mkanda wa kufuatilia pumzi, akiangalia mstari wa kiwambo chake kwenye skrini hadi aweze kuurudisha pale pale mara tatu mfululizo. Utepe mweupe ulitoweka kwa wengi wao, na vipimo vilivyorudiwa vikakaribiana. Picha zenyewe zilionyesha kile ambacho mvutano wa dunia hufanya: damu hafifu upande wa mbele, nzito upande wa nyuma.

Mojawapo nilimtumia mjomba kwenye simu. Akaniuliza kwa nini damu imejaa mgongoni, nami nikamjibu kwamba mwenye mapafu hayo alikuwa amelala chali.