Ule mswaki uliishia wapi?

Nimeimaliza jana usiku na bado roho inaniuma, kwa hiyo acha niandike sasa hivi. Ni riwaya ya mapenzi ya siku hizi, dada kapigwa kibuti na mchumba wake wa miaka minne, wiki tatu hazijaisha kashapata jamaa mwingine. Mimi stori za penzi la kuzibia pengo nazipenda mno, maana ndani yake kuna swali zito, huyu mtu unampenda yeye au unaogopa tu kulala peke yako?

Sura ya nne ndo ilinishika. Jamaa kalala kwa dada kwa mara ya kwanza, asubuhi anaingia bafuni anakuta kwenye kikombe mswaki wa yule eksi, wa bluu, nyuzi zimelala upande mmoja. Hasemi kitu. Anausogeza, anaweka wa kwake, anafungua maji. Nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo, nikasema huyu mwandishi anajua. Toka hapo nikawa nausubiri ule mswaki. Sura ya saba hamna, ya kumi na mbili hamna, wamesafiri, wamegombana kwa sababu ya meseji ambayo wangeongea dakika mbili ingeisha, wamerudiana, mswaki hamna. Haurudi mpaka mwisho jamani.

Na dada mwenyewe halii. Miaka minne yote analia ukurasa mmoja, jamaa anatabasamu, basi kapona. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, mwandishi kachukua kinyemi kidonda kakiacha.

Hata Romeo wa Shakespeare, watu wengi hawakumbuki hili, usiku anaokutana na Juliet alikuwa kaenda kwenye ile sherehe ili amwone Rosaline, ndiye aliyekuwa anamlilia. Alfajiri anakimbilia kwa padri kuomba wafungishwe ndoa na Juliet, padri anashangaa, Rosaline umemwacha upesi hivi? Humu kuna rafiki, kuna mama, kuna dada mkubwa, na hakuna hata mmoja anayemuuliza swali kama hilo.

Halafu eksi anarudi. Mwanzoni alikuwa mtu wa kawaida tu ambaye mapenzi yalimwisha, akaondoka kwa adabu, na hilo ndilo lililouma. Sasa ghafla ni mwongo, ni malaya, ana hasira, yote hayo ili dada asilazimike kuchagua. Hapo ndo nilikata tamaa kabisa.

Labda imenigusa sana kwa sababu mimi nimewahi kuwa yule jamaa. Nilikuwa na mtu ambaye alipenda nifunge nywele kwa nyuma, nikawa nafunga kila siku kwa furaha, mpaka siku moja nikaiona picha ya aliyenitangulia, kafunga vilevile. Nilifungua nywele palepale, mikono inatetemeka, na sikumwambia kwa nini. Ndiyo maana nilimsubiri huyu jamaa aongee, aseme hata sentensi moja kwamba ameuona ule mswaki na umemuuma.

Ukurasa wa mwisho anapiga goti na pete, dada analia kwa furaha, na yeye hajamuuliza bado.