Mama na Somo Yake

Mama alilazwa kwa nimonia wakati wa masika, katika wodi ya wanawake ya hospitali moja kwetu Pemba. Mchana ndugu walipokezana, usiku nikilala naye mimi. Kitanda cha dirishani aliletwa bibi mmoja kutoka upande wa Micheweni, mgonjwa wa sukari. Walipoanza kuulizana habari ikabainika kuwa wana jina moja, na baba zao wana jina moja. Wakafurahi, wakawa wanaitana somo. Kwetu si jambo la kushangaza. Ukiita "Omar Hamad" sokoni Wete watageuka watu kadhaa.

Usiku mmoja nesi wa zamu alikuwa peke yake kwa wodi nzima, hajakaa chini tangu magharibi. Akaingia na trei, akaita jina. Mama, aliyekuwa na homa na nusu usingizini, akaitika, "Bee." Nesi akaja moja kwa moja, akamwambia anyanyue nguo kidogo tumboni.

Nikaitazama ile sindano. Ilikuwa nyembamba, fupi, na kifuniko chake cha rangi ya chungwa. Dawa za mama zote zilikuwa zikipitia kwenye kanula, kile kimrija cha mshipani, mkononi.

"Samahani dada, hii dawa gani?"

"Insulini."

Mama mdogo, aliyekuwa amekuja kunisaidia, akanifinya paja. "Mwache mwenye kazi yake, mwanangu. Wewe daktari?"

"Dada, mama hana sukari. Ana somo yake pale dirishani. Naomba utazame faili, tafadhali."

Mkono ukasimama. Alirudi mezani, akafungua mafaili mawili, akayaweka sambamba chini ya taa. Kisha akaenda dirishani, na safari hii hakuita jina. Aliuliza: "Bibi, unaitwa nani? Shehia gani? Unaumwa nini?" Akasubiri ajibiwe mwenyewe.

Mama alikuwa hajala kitu tangu mchana. Insulini kwa mtu asiye na kisukari, tena tumbo tupu, hushusha sukari ya damu: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata degedege na kupoteza fahamu. Nasi tungeliona lile jasho tungelisema homa inatoka, alhamdulillahi. Tungelimfuta kwa kanga, tukamwacha alale. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Na yule bibi wa dirishani angelikosa dawa yake.

Nesi alirudi, akamwomba mama radhi. Sikumchukia, na simchukii. Mtu mmoja, wodi imejaa, majina mawili yasiyotofautiana hata herufi: yeyote angeteleza. Lakini asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa wodi. Mama mdogo alinizuia mlangoni, akisema nitamharibia mtoto wa watu kazi. Nilimheshimu, nikapita. Kunyamaza kungelimlinda nesi kwa siku moja tu, mpaka aje somo mwingine. Nilimweleza mkuu kwamba sitaki mtu aadhibiwe. Nataka vitanda vile vitenganishwe na mafaili yawekwe alama.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kukagua usalama wa upasuaji, na kwamba hospitali ya Ifakara, huku kwetu Tanzania, ilikuwa miongoni mwa nane ulimwenguni zilizoijaribu. Kwa zote nane pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Jambo la kwanza kwenye orodha hiyo, kabla mgonjwa hajatiwa usingizi, ni yeye mwenyewe kuthibitisha kuwa ndiye, anafanyiwa nini, na wapi mwilini. Ndiyo hasa aliyoyafanya nesi wetu pale dirishani, bila ya karatasi.

Mkuu wa wodi alinisikiliza akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Siku ile ile mama akahamishiwa upande wa mlangoni, na juu ya kila faili pakaandikwa jina la babu, umri na shehia. Tangu hapo hakuna dawa iliyotolewa bila ya kuulizwa yote matatu. Mama akachoka, akaninong'oneza kwamba wote hawa wanamjua sasa. Nikamwambia ajibu tu, kila wakiuliza, na somo yake naye tukamwambia hivyo hivyo.