Kumvisha Barbie nguo za Sikukuu kivyetu vyetu

Watu wakifungua kabati langu wakaona midoli, swali lao la mwanzo huwa mbona huyu kavaa dera, na mie nawajibu Barbie akiishi Unguja avae nini? Nakusanya midoli ya fashoni muda mrefu sasa na raha yangu si kununua mpya, raha yangu ni kumvua lile gauni alokuja nalo kwenye boksi nikamvisha kivyetu, hasa ikikaribia Idi, mana kwetu Sikukuu bila nguo mpya haijawa Sikukuu, na kama watoto wanapambwa kwenda Mnazi Mmoja na wenzao wa Chake kule Pemba wanakwenda Tibirinzi bas na hawa wangu wapambwe.

Sasa shida iko kwenye kipimo. Barbie tangu atoke mwaka 1959 ana urefu wa sentimita 29 hivi, yani ni sudusi, moja ya sita, ya mtu mzima, na hiyo sudusi ndo inaamua kila kitu. Khanga yetu ni mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, gawa kwa 6 unapata kipande cha sentimita 25 kwa 18. Ukikata tu khanga ya kawaida ukamfunga, embe moja la nakshi kwenye mji, yani pale katikati ya khanga, linamfunika kuanzia kifuani mpaka magotini, na jina, yale maneno yake, linabaki herufi mbili tatu mgongoni, haina maana tena, hapo kavaa kitambaa tu hajavaa khanga. Kwaiyo mie natafuta zenye nakshi ndogo ndogo. Kisutu kinakubali vizuri sana, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe yake hata kikiwa kidogo mtu anakijua kwa mbali. Nikikosa nachukua pamba nyepesi nyeupe, pindo nachora mwenyewe kwa rangi za kitambaa, mji naujaza vidoti, na jina naliandika kwa kalamu yenye ncha nyembamba kabisa. Lazima khanga iwe na pindo pande zote nne jamani, na lazima ziwe mbili, doti kamili, moja ya kiunoni na moja ya kujitanda!

Kingine ni unene, mana mdoli umempunguza mara sita lakini uzi wa kitambaa haujapungua hata kidogo. Ndo mana ukimkunjia upindo mara mbili kama unavyomshonea mtu, kiuno kinavimba. Mie nakunja mara moja tu, na kwenye jojeti na shifoni sikunji kabisa, napaka gundi ya kitambaa kidogo ukingoni isichanike. Na kitambaa kipya kifuliwe kwanza dondo litoke, la sivyo nguo inamsimamia kama mwamvuli. Nikishamvisha narushia maji, namzungushia uzi juu ya nguo kuanzia kiunoni mpaka chini namwacha akauke hivohivo, nikiufungua ule uzi nguo imelala mwilini inaanguka inavyotakiwa. Wanaodhani nguo za midoli ni kazi ya kitoto watafute picha za nguo za mwanzo za Barbie, zilizobuniwa na Charlotte Johnson na kushonwa Japani, zipu ndogo zile na bitana ndani, ni ufundi kamili ule.

Dera ndo nguo ninayoipenda zaidi kumshonea na sababu yake ni hii, tangu 2016 Barbie ana maumbo mengine, yuko mrefu, yuko mfupi na yuko mwenye nyonga, ambapo gauni la kubana la mmoja halimwingii mwengine, lakini dera moja linawaenea wote, unaacha tu mabega mapana, shingo unaidarizi kidogo, bas. Buibui nalo hivohivo, ila nyeusi inachuja rangi, na kwa joto letu ikikaa mwilini muda mrefu plastiki inashika madoa yasiyotoka. Nafua mpaka maji yawe meupe halafu ndani namvisha shumizi nyeupe.

Kwenye mapambo sitii chuma mwilini. Midoli ya miaka ya 60 iliyovishwa herini za chuma masikio yake yanageuka kijani, na sie tuko pwani, hewa ina chumvi, chuma kinaoza upesi. Natumia shanga zile ndogo kabisa na uzi wa nailoni, herini, kidani, bangili, na kikuba, kile kishada cha maua, nakitunga kwa shanga nyeupe na kijani kidogo ya rehani, nakibana kifuani. Hina naichora kwa penseli ya rangi juu ya mkanda mwembamba unaobanduka, sigusi plastiki yenyewe. Makubadhi ndo yanachagua mguu, mana Barbie wengi kisigino kiko juu, lakini tangu 2015 wako wenye vifundo vinavyokunja na hao wanasimama chini sawasawa, nawakatia ngozi ya mkoba mbovu.

Si mie wa mwanzo kumsitiri mdoli. Fulla wa Syria alitoka 2003 na abaya lake, na 2017 ilitangazwa Barbie ya Ibtihaj Muhammad, yule Mmarekani mcheza vitara, na hijabu yake kichwani. Nawapenda wote wawili, ila mtandio wa kwetu tunavyouzungusha ni mwengine, na huo hatuletewi kwenye boksi, lazima tushone wenyewe.

Mwaka huu nataka kumvisha na Ken, mdoli mwanamme mwenzake Barbie. Kanzu ishakamilika, nimekata leso ya mkononi, lakini kofia ya vito sijaipatia dawa, vile vitundu vyake kwenye kichwa kidogo vile sindano yangu nyembamba kuliko zote bado nene. Kama uko Wete au popote na unashona kofia, niambie unatumia sindano namba ngapi na uzi gani.