Kisiwa Kisicho na Ufuko

Mume wangu ni Mchaga wa Marangu, mimi mtu wa Kilindoni, Mafia. Kila tukipanga likizo ugomvi ni uleule: yeye mlima, mimi bahari. Novemba 2018 tulikaa jikoni kwetu Rotterdam, saa kumi na moja jioni na giza limeshatanda nje, tukauanza upya. Safari hii nilitaka kisiwa kidogo cha Karibi, pasipo mahoteli makubwa wala muziki usiku kucha. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Curaçao, ndiye aliyenitajia kisiwa kiitwacho Saba.

Nikafungua ramani. Kilometa za mraba 13, watu kama 2,000, na kisiwa chenyewe ni mlima wa volkano uliochomoza baharini, kileleni msitu unaoshinda mawinguni. Tangu Oktoba 2010 Saba ni manispaa maalumu ya Uholanzi, ila ukinunua mkate unalipa dola ya Marekani. Aliposikia mlima, mume wangu akasogeza kiti. Mimi nikaendelea kusoma mpaka nikafika palipovunja moyo wangu: ufuko hakuna. Pana mchanga kidogo Well's Bay, nao huja na kuondoka na mawimbi.

"Bahari si ipo?" akasema baba watoto. "Utaitazama ukiwa juu."

Nilitaka kuachana nacho. Kilichoniteka ni habari ya barabara yao. Wahandisi wa Kiholanzi walishasema kwa ile miteremko barabara haiwezekani. Mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akasoma uhandisi kwa njia ya posta, na kuanzia 1938 wananchi wakaichonga kwa mikono yao. Gari la kwanza lilifika kisiwani 1947, barabara ikakamilika 1958. Zamani mizigo ilishushwa kwenye mashua pale Ladder Bay, ikapandishwa kichwani kwa ngazi za mawe zinazokaribia 800. Mimi nimekua nikiwaona wachukuzi wa Kilindoni wakishusha magunia huku maji yamewafika kifuani. Watu wa Saba nikahisi nawajua.

Nikampigia mama, shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umezaliwa kisiwani, leo unatafuta kisiwa kwa nauli? Na pweza wapo huko?" Nikamwambia sijui habari za pweza. Akaona safari haina maana.

Mwezi haukutusumbua. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na Irma ya Septemba 2017 hakuna aliyekuwa ameisahau kule, kwa hiyo tukachagua Februari. Kazi ilikuwa kipande cha mwisho. Ukifika Sint Maarten, kisiwa jirani, unachagua: boti, kama saa moja na nusu, au ndege ndogo ya watu 19, kama robo saa. Nikasema ndege bila kufikiri. Boti za Nyamisati za kwenda Mafia zimenitosha. Najua namna ya kukaa safari nzima umekumbatia ndoo, jirani naye anakuomba umwachie nafasi.

Ndipo nikasoma kuhusu uwanja. Njia ya kurukia ina mita 400, ndiyo fupi kuliko zote duniani kwa ndege za abiria za ratiba. Ncha zote mbili zinaishia kwenye genge, chini bahari. Rubani wa kwanza kutua, Rémy de Haenen, alitua Februari 1959 kwenye uwanja uliosafishwa mawe kwa mikono. Njia yenyewe ilifunguliwa 1963. Mume wangu anaendesha lori la makontena bandarini na mambo ya breki hayafanyii mzaha.

"Mita 400?" Akavaa miwani. Tukatafuta video. Ndege ikaja ubavuni mwa jabali, ikakata kona, ikagusa chini kwenye alama kabisa, ikasimama na lami ikabaki. Akairudisha nyuma. Akaitazama tena, kidole juu ya kioo, akipima magurudumu yameanza kushika wapi.

"Huyu dereva anajua," akasema hatimaye. Kwake rubani ni dereva tu.

Tukalipa usiku uleule: kwenda kwa ndege, kurudi kwa boti, maana nilikubali kuteseka mara moja ili naye asilalamike juu ya bei. Kabla sijafunga kompyuta akaweka sharti lake: kiti cha mbele, nyuma ya rubani, ni chake, na nisimsemeshe mpaka tumetua.