Vitabu tisa, nakala moja moja: tulivyovifanyia sherehe Lubumbashi

Ukimwambia mtu unataka kusherehekea vitabu vya marafiki, shauri ni lilelile: tafuta mheshimiwa, chapisha bango kubwa la plastiki, kodi viti vya arusi, vitabu vitajiuza vyenyewe. Mwaka jana tulilifuata neno kwa neno. Mheshimiwa alichelewa saa mbili, akahutubu dakika 40 juu ya vijana na maendeleo, akapigwa picha, akaondoka na nusu ya watu. Vitabu vikarudi kwenye katoni. Kilichofaa ni bango tu: mpaka leo linafunika makaa ya mama mwenye lupangu, yaani kiwanja cha nyumba.

Mwaka huu vilitoka vitabu tisa: riwaya tatu, mashairi manne, kimoja cha watoto, kimoja cha historia ya kambi za wafanyakazi wa migodi. Vingi vimechapwa Paris, na mwandishi amepokea nakala mbili tatu, moja ameshampa mama yake. Si jambo geni kwetu. Mwandishi Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapahapa mwaka 1981, na riwaya yake ya kwanza ilitoka Paris mwaka 2014. Kitabu cha mtoto wa Lubumbashi huzaliwa mbali, kisha kinatafuta mtu wa kukibeba kuja nyumbani. Sasa utasherehekeaje kitu ambacho watu hawawezi kukishika?

Tukaamua kila kitabu kiwe na kijitabu chake cha kurasa 16: karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati, ndani mna sura ya kwanza au mashairi kumi hivi. Ruhusa tuliomba kwa maandishi, na usiruke hapo: mwandishi akishatia sahihi mkataba, mara nyingi haki ya kuchapa si yake tena, hata akikuapia kwa marehemu babu yake.

Kosa letu la kwanza lilikula karatasi 80. Tulimpa kijana wa fotokopi kurasa zimeshapangwa, naye akachapa nakala 20 za riwaya ya kwanza rekto-verso, yaani pande zote mbili, haraka na kwa furaha. Tulipokunja, ukurasa wa 1 umesimama, wa 2 umesimama kwa kichwa. Yeye akalaumu faili, sisi tukalaumu mashine, na jirani aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya mpiga kura akatulaumu sote. Sababu ilikuwa kidude kimoja tu. Karatasi iliyolala kwa upana lazima igeuzwe kwa upande mfupi; mashine nyingi zimezoea kugeuza kwa upande mrefu, kama barua. Chapa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo uagize nyingine.

Mpangilio wenyewe una siri ambayo naringia kuijua: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlike 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Inayofuata 14 na 3, nyuma 4 na 13. Kisha 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa 10 na 7, nyuma 8 na 9. Ukipata jumla nyingine, umekosea, usibishane. Na wakati wa mvua usifungue rimu siku moja kabla. Karatasi inakunywa unyevu, inajikunja, inakwama kwenye mashine.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Tulijaribu kuifungua na kupigilia pini juu ya kipande cha katoni, kisha kuzilaza miguu kwa kijiko. Inawezekana kwa vijitabu 10, si kwa 180. Yaya mmoja, yaani mkubwa wetu, anayeshona viatu mtaa wa Kamalondo ndiye aliyetuokoa. Alileta msumari mwembamba na uzi wake, akaupaka nta ya mshumaa. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani, toka nje. Panda tundu la juu, rudi ndani. Ruka mpaka la chini, toka nje. Rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili zikae kila moja upande wake wa ule uzi mrefu, ndipo ufunge fundo. Zikikaa upande mmoja, uzi utalegea na kijitabu kitacheza. Jioni mbili, watu watano, karanga na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kazi ikaisha.

Tulikusudia saa tisa alasiri. Mwezi wa kumi na mbili, Lubumbashi, chini ya mabati! Mvua ya alasiri ikigonga, hata maikrofoni haikusaidii, na kurani, yaani umeme, ikikatika huna maikrofoni. Tukaanza saa nne asubuhi, bila jenereta.

Hakuna aliyesoma kitabu chake mwenyewe. Sharti hilo nililipigania. Mwandishi akisoma chake anaanza kueleza utoto wake; akisoma cha mwenzake anasoma tu, tena kwa wivu kidogo, na sauti inanoga. Dakika 3 kila mtu, yaani ukurasa mmoja na nusu wa A5. Mwalimu wa Kifaransa aliyesoma mashairi ya Kiswahili ya dada mmoja wa mtaa wa Katuba aliyarudia mara mbili, na hakuna aliyetazama saa.

Vijitabu tuliuza kwa falanga za Kongo, bei ya duara, noti moja. Usiweke bei kwa dolari: mmoja atakuletea noti iliyochanika ncha, mwingine ataanza kujadili kiwango cha asubuhi na cha jioni. Anayetaka kitabu kizima tulimwandika kwenye daftari, jina, simu, na kianzio kidogo. Hesabu ya kuvileta ni hii: kitabu cha kurasa 200 ni gramu 250 hadi 300, kwa hiyo sanduku la kilo 23, ukitoa uzito wake lenyewe, linabeba kama 70. Tumeshapata msafiri.

Nakala halisi tisa zilikaa mezani ili watu wazishike. Kila moja tuliifunga mguu wa meza kwa uleule uzi wa viatu, kama kalamu ya benki. Wazo langu. Mchana tukahesabu: nane. Ile ya kambi za migodi haikuwepo, na uzi wake umekatwa safi, kwa wembe.